Simu, redio ndogo, redio za kukodi au watu wa redio za ridhaa: mbio zenu zitegemee mawasiliano gani?

Kamati inayoandaa mbio za kilomita 21, msafara wa baiskeli au mashindano ya kuogelea ziwani ina mahali ambapo hugawanyika. Mmoja anasema kila mtu ana simu, kwa nini tujisumbue? Wa pili ameona redio za mkononi dukani, zinauzwa mbili mbili, anataka zinunuliwe pakiti tano. Wa tatu anajua kampuni inayokodisha redio koli za walinzi. Wa nne amesikia kuna watu wa redio za ridhaa, wenye leseni na vifaa vyao wenyewe, wanaokaa njiani siku nzima bila kudai malipo. Wote wanne wana hoja, na ndiyo maana kikao huisha bila uamuzi.

Kwa asiyewafahamu hao wa mwisho: redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na kanuni za kimataifa za mawasiliano ya redio. Mtu hufanya mtihani wa ufundi na sheria, akapewa leseni na alama ya mwito, yaani herufi na namba za kumtambulisha hewani, ya kwake peke yake, kisha akaruhusiwa kutumia masafa yaliyotengwa kwa ajili ya kujifunza, kuzungumza na wenzake na kuchunguza ufundi wenyewe. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba afanye hivyo kwa nia binafsi, bila maslahi ya fedha. Sehemu nyingi vikundi vya watu hawa vina desturi ya kuhudumia michezo ya jamii. Nchini Uingereza, mtandao wa RAYNET ulianzishwa mwaka 1953 baada ya mafuriko makubwa ya pwani ya Bahari ya Kaskazini, na hadi leo wanachama wake huonekana kwenye mbio na misafara kama huduma na pia kama mazoezi ya siku ya maafa. Marekani, mbio za Boston Marathon na zile za milimani za Western States, zenye maili 100, zimewategemea kwa miaka mingi.

Kabla ya kulinganisha: mnahitaji kusema nini, na nani?

Watu hukimbilia kuuliza kifaa gani kinafika mbali. Ningeanza na ujumbe wenyewe. Siku ya mbio, maneno yanayopita hewani mengi ni ya kawaida sana: maji yamekaribia kuisha kituo cha nne, mkimbiaji namba 412 ameacha, anahitaji usafiri, kiongozi wa wanawake amepita darajani, gari la mwisho liko wapi, ili tufungue barabara? Machache ni ya dharura, lakini hayo machache ndiyo yanayohalalisha gharama yote.

Kwa hiyo nitapima kila njia kwa mambo sita yaleyale. *Ufikaji*: je, inafika pale pabaya kuliko pote, bondeni au nyuma ya kilima? Wastani wa njia nzima hauna maana kama aliyeanguka yuko bondeni. *Kusikika kwa pamoja*: ukisema mara moja, wanaohusika wote wanasikia? *Msongamano*: itakuwaje umati ukijaa, umeme ukikatika au mambo yakiharibika? *Siri*: nani mwingine anasikia? *Sheria na gharama*. Na *watu*, yaani nani atakuwa ameshika hicho kifaa na anajua kukitumia kiasi gani. Hili la mwisho husahaulika, nami naliona lina uzito kuliko mengine matano.

1. Simu za mkononi

*Ufikaji.* Mjini hakuna kinachoizidi. Msituni, milimani na majini inategemea minara iliyojengwa kwa ajili ya wateja wanaoishi hapo, na njia ya mbio nyingi hupita kusudi pale ambapo watu hawaishi. Ramani ya mtandao haitoshi. Mtu apite njia nzima na simu zenye laini za kampuni mbalimbali, aandike mahali inapokufa.

*Kusikika kwa pamoja.* Hapa ndipo simu inapoachwa. Simu ya kawaida ni ya watu wawili. Kikundi cha WhatsApp kinafikisha kwa wote, ila kwa yule tu anayetazama, na mtu anayegawa maji kwa mikono miwili hatazami simu. Ujumbe wa saa tatu na dakika kumi husomwa saa nne kasoro, katikati ya picha za vidole gumba. Zipo programu za kubonyeza na kuongea zinazoigeuza simu kuwa kama redio: unabonyeza, kikundi chote kinasikia. Zinatibu tatizo hili, lakini bado zinategemea mnara uleule.

*Msongamano.* Nafasi ya mnara hugawanywa kati ya wote walio chini yake. Pale kwenye utepe wa kumalizia, maelfu wanarusha video kwa wakati mmoja, na hapohapo ndipo mratibu anapohitaji kupiga. Ujumbe mfupi wa maandishi una nafuu kwa sababu ni mdogo na husubiri mpaka nafasi ipatikane, hivyo mara nyingi hupita pale ambapo simu ya sauti imekataa. Tarehe 15 Aprili 2013, mabomu yalipolipuka kwenye mstari wa kumalizia wa Boston Marathon, mitandao ya simu ya eneo lile ililemewa ghafla. Watu wa redio za ridhaa walikuwa tayari wamepangwa njiani na kwenye vituo, na waliendelea kupeleka ujumbe wakati maelfu ya wakimbiaji wamezuiwa barabarani bila kujua kilichotokea mbele.

*Siri.* Nzuri kuliko zote nne. Daktari anayetaka kueleza hali ya mgonjwa apige simu.

*Sheria na gharama.* Hakuna kibali cha kuomba. Mnunue vifurushi, muwe na betri za akiba, na mkumbuke kwamba mmesambaza namba binafsi za watu kwa kikundi kizima.

*Watu.* Kila mtu anajua kupiga simu, na kwa sababu hiyo hakuna anayejiona anahitaji utaratibu. Watano watampigia mratibu mkuu kwa wakati mmoja, kila mmoja akikuta laini ina shughuli.

Inawafaa: mbio fupi za mjini, waliojitolea wachache, na kamati ambayo kila mmoja anajua ampigie nani kwa jambo gani. Na kwa tukio lolote lile, kama njia ya pili.

2. Redio ndogo zisizohitaji leseni

*Ufikaji.* Hizi zimewekewa mipaka makusudi ili watu wasisumbuane. Ulaya aina iitwayo PMR446 hairuhusiwi kuzidi nusu wati, na antena yake haibanduki. Marekani ile ya FRS ina chaneli 22, nyingine zikiruhusiwa hadi wati 2. Kilomita zilizoandikwa kwenye boksi ni za mtu aliyesimama kileleni akizungumza na mwenzake bondeni, bila kitu katikati. Kati ya majengo au miti mtapata mamia ya mita, pengine kilomita moja au mbili mahali pa wazi.

*Kusikika kwa pamoja.* Vizuri kabisa, ndani ya eneo hilo. Ukibonyeza, wote walio kwenye chaneli wanasikia.

*Msongamano.* Hazitegemei mnara wa mtu. Zinategemea subira ya majirani, kwa kuwa chaneli ni za umma: mafundi wa ujenzi, watoto wanaocheza na walinzi wa jengo la pili wanaweza kuwa juu ya chaneli hiyohiyo, nao wana haki sawa na yenu.

*Siri.* Hakuna. Zile “namba za faragha” zilizotajwa kwenye kijitabu haziwafichi hata kidogo. Ni mlio mdogo unaoziba spika yako usisikie wengine. Wengine wanaendelea kukusikia wewe. Jambo hili limewaponza wengi waliodhani wako peke yao.

*Sheria na gharama.* Bei ni ya chini. Lakini neno “isiyohitaji leseni” ni la nchi husika. Redio halali upande mmoja wa bahari inaweza kuangukia masafa ya polisi au ya ndege upande wa pili, kwa hiyo ile aliyokuja nayo mgeni kwenye begi isitumike mpaka ithibitishwe na mamlaka ya mawasiliano ya hapo mlipo.

*Watu.* Dakika kumi za mafunzo zinatosha.

Inawafaa: maegesho ya magari, uwanja wa shule, eneo la kuanzia na kumalizia, na mbio za kuzunguka bustani moja. Kwa njia ya kilomita 20 ni kuwaonea.

3. Redio za kukodi

*Ufikaji.* Redio koli za biashara hutoa wati 4 au 5 na kampuni nzuri itawawekea ripita, yaani kituo cha mahali pa juu kinachopokea sauti kwa masafa fulani na kuirusha upya papo hapo kwa masafa mengine. Ulizeni mapema, kwani siku hizi hukodishwa aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja ni redio kweli. Nyingine ina laini ya simu ndani na inatumia mtandao wa simu. Inafika nchi nzima mtandao ukiwepo, haifiki popote usipokuwepo. Zote mbili zina kazi yake, ila asiyejua aliyopewa ipi amekodi kitu asichokijua.

*Kusikika kwa pamoja.* Bora sana. Zile za kidijitali za aina ya DMR hugawa chaneli moja ya kHz 12.5 katika zamu mbili zinazopishana kwa kasi, hivyo mazungumzo mawili hupita pamoja: watu wa maji na usafiri upande mmoja, watu wa tiba upande mwingine.

*Msongamano.* Masafa yametengwa kwa kampuni hiyo, kwa hiyo mgeni hapaswi kuwepo. Ripita ina betri au jenereta? Ulizeni.

*Siri.* Nchi nyingi huruhusu mazungumzo ya biashara kufungwa kwa msimbo. Kwa wahudumu wa afya hii ni faida ambayo watu wa ridhaa hawawezi kuwapa.

*Sheria na gharama.* Leseni ni ya mkodishaji. Ombeni kuiona, wala si utovu wa adabu. Gharama ndiyo kubwa kuliko zote: kodi ya kila kifaa, dhamana, na zile zitakazopotea. Kuna mtu ataondoka na redio mfukoni, huwa hakosekani.

*Watu.* Ni wenu wenyewe. Redio zinakuja ndani ya sanduku. Ujuzi wa kuongoza mazungumzo hauji nazo. Kama hamkupanga nani anaongoza chaneli, mtapata kelele ya gharama kubwa.

Inawafaa: matukio yenye wadhamini, yenye kikosi cha tiba na ulinzi cha kulipwa, au yanayoandaliwa na kampuni kwa faida. Kwa hayo ya faida huenda ndiyo njia pekee halali kati ya hizi mbili za mwisho, kama tutakavyoona.

4. Watu wa redio za ridhaa

*Ufikaji.* Ukikutana nao, swali lao la kwanza litakuwa kuhusu vilima. Wana sababu. Masafa wanayotumia kwa kazi hii husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kimo cha antena kutoka ardhini kinashinda nguvu ya redio. Kanuni ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha kimo hicho kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita mpaka upeo wa mawimbi. Mtu aliyeshika redio mita moja na nusu kutoka ardhini ana upeo wa kilomita 5 hivi kwenye tambarare tupu. Antena ya ripita iliyo mita 100 juu ya mazingira yake ina upeo wa zaidi ya kilomita 40. Ndiyo maana redio ya wati 5 mkononi, ikipitia ripita iliyo kilimani, hufunika wilaya nzima, na redio hiyohiyo bila ripita hushindwa kuvuka kichuguu.

Wana bendi mbili za kuchagua, yaani vipande viwili vya masafa, vinavyoitwa kwa urefu wa wimbi. Ile ya mita 2 huanzia MHz 144 hadi 146 kwa Afrika na Ulaya, ikafika 148 Amerika. Ile ya sentimita 70 iko karibu na MHz 430 hadi 440. Ya kwanza huvumilia zaidi majani na mgongo wa kilima, ya pili hupenya vizuri zaidi madirishani na kati ya kuta za zege. Kikundi kizoefu kitaweka antena juu ya paa la gari, redio ya wati 50 ndani yake, na pale palipo na shimo la mawimbi kitapandisha gari moja mgongoni mwa kilima lipokee kwa bendi moja na kurusha kwa nyingine. Uwezo huu wa kutengeneza njia mahali pasipo na njia hamtaupata dukani.

Ripita nayo ni sehemu moja inayoweza kufa. Waulizeni: ikizima, mnahamia wapi? Kama wana masafa ya moja kwa moja waliyokubaliana kabla, na kila mmoja ameyaandika, mko mikono salama. Wakitazamana, endeleeni kuuliza.

*Kusikika kwa pamoja.* Hapa ndipo wanapong'ara. Mazungumzo yao huongozwa na mtu mmoja, kituo kiongozi, ambaye kazi yake ni kusikiliza na kutoa zamu. Vituo hupewa majina ya kazi, kama “Maji Tatu”, “Daraja”, “Gari la Mwisho”, ili zamu ya asubuhi ikibadilishana na ya mchana jina libaki lilelile. Bado kila mmoja hutaja alama yake ya mwito kama leseni inavyomtaka. Marekani, kwa mfano, ni angalau kila dakika 10 na mwisho wa mazungumzo. Kwa masikio mageni inaonekana ni urasimu. Jaribu kuwaacha watu ishirini waongee bila huo urasimu: kwenye mawimbi ya FM wawili wakibonyeza pamoja, mwenye mawimbi ya nguvu humfunika mwenzake, na aliyefunikwa hajui kama hakusikika. Anadhani gari la wagonjwa linakuja.

Sikilizeni mfano wa mazungumzo yao ya kawaida:

“Kituo kiongozi, Maji Tatu.”

“Maji Tatu, sema.”

“Mkimbiaji nne-moja-mbili ameacha, anatembea, anahitaji usafiri, si dharura.”

“Nne-moja-mbili, usafiri, si dharura, Maji Tatu. Saa nne na dakika nane. Basi Dogo, umepata?”

Sekunde kumi na tano, na watu wanne tofauti wamejua, namba imerudiwa ikathibitishwa, saa imeandikwa.

Kuna pia ufuatiliaji wa mahali. Mfumo wa APRS, uliobuniwa na Mmarekani Bob Bruninga, hutuma mahali kifaa kilipo kwa milio mifupi ya data, kwenye MHz 144.800 Ulaya na 144.390 Amerika ya Kaskazini. Kikiwekwa kwenye gari la mwisho na la kuongoza, meza ya waratibu inayaona yakitembea kwenye ramani. Swali linaloulizwa kuliko yote siku ya mbio, “gari la mwisho liko wapi?”, linaondoka hewani.

*Msongamano.* Hawategemei kampuni yoyote ya simu, na vifaa vyao hula betri za gari. Ila chaneli moja ina msemaji mmoja kwa wakati. Tukio kubwa hugawanywa: chaneli ya usafiri, ya tiba, ya maji. Kila chaneli inahitaji kiongozi wake, na viongozi wazuri hata kwao si wengi.

*Siri.* Udhaifu wao mkubwa, na kikundi chochote kinachoficha hili msikiamini. Redio ya ridhaa imejengwa juu ya uwazi. Kufumba maana ya ujumbe kwa msimbo hakuruhusiwi katika matumizi ya kawaida, na yeyote mwenye kipokezi cha bei nafuu anasikiliza. Kwa hiyo hutajwa namba ya kifuani, jina halitajwi. Hutajwa “anahitaji daktari”, ugonjwa hautajwi. Habari ya kifo au ya mtoto aliyepotea kwa jina lake haipiti hewani kabisa. Mtu wa redio anasema “kituo cha tano kinaomba simu”, mengine yanamalizwa kwa simu.

*Sheria na gharama.* Hawalipwi, na si kwa upole wao tu: huduma yenyewe imefafanuliwa kuwa isiyo ya kutafuta fedha, na nchi nyingi huadhibu anayepokea ujira kwa kurusha mawimbi haya. Chakula, maji, kizibao cha kuwatambulisha na mahali pa kuegesha gari huwa havina tatizo. Fidia ya mafuta ulizeni sheria ya nchi yenu. Nchi nyingi hukataza pia mawasiliano ya biashara kwenye bendi hizi. Mbio za hisani za shule ziko salama zaidi kuliko shindano la kampuni inayouza tiketi, na kuna nchi zinazobana hata kupeleka ujumbe wa mtu asiye na leseni wakati si wa maafa. Kikundi kiulize mamlaka yake kwa maandishi kabla hamjachapisha majina yao kwenye ratiba. Jambo jingine: usimnyang'anye mmoja wao redio ukaongea mwenyewe. Leseni ni ya mtu, haiambatani na kifaa.

*Watu.* Hiki ndicho hasa mnachopata. Mnapata mtu anayekaa sehemu moja saa nane akisikiliza, anayeandika kila ujumbe na saa yake, asiyepandisha sauti mambo yakichacha. Daftari lake litawasaidia wiki moja baadaye, mtu atakapodai gari la wagonjwa lilichelewa. Kwa upande wake, mbio zenu ni mazoezi ya siku ya mafuriko, kwa hiyo ana sababu ya kufanya vizuri.

Na mipaka yao? Idadi ni ndogo, na maeneo mengine hawapo kabisa. Ni watu wa kujitolea, hamwezi kuwaamuru. Wanahitaji kujulishwa miezi kadhaa mapema, waizunguke njia, wajaribu mawimbi. Hawagawi maji, hawasimamishi magari, na kamati inayowaona kama mikono ya ziada itawapoteza mwaka unaofuata. Wengine, tuseme ukweli, huja kuonyesha antena mpya zaidi ya kuhudumia. Dawa ni swali moja: nani ataongoza chaneli, na amewahi kuongoza tukio gani?

Inawafaa: njia ndefu zenye sehemu zisizo na mtandao, matukio ya hisani na ya jamii, na waandaaji wenye muda wa kupanga pamoja nao. Haiwafai wanaotaka siri, wanaofanya biashara, au waliokumbuka jambo hili wiki ya mwisho.

Uchague kwa hali yako

Mbio za kilomita 5 au 10 mjini, waliojitolea chini ya kumi na watano: simu zatosha, mradi mchapishe karatasi moja yenye namba na kazi ya kila mtu, na mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea simu tu. Ongezeni redio ndogo mbili tatu hapo pa kumalizia, kwa sababu ndipo mtandao utakapoziba.

Nusu marathoni au zaidi inayotoka mjini na kuingia mashambani, ya hisani, yenye miezi mitatu mbele yake: tafuteni chama cha redio za ridhaa cha nchi yenu leo. Wapeni ramani yenye mistari ya miinuko, orodha ya vituo na saa za kufunga barabara. Wawekeni kiongozi wao kwenye meza ileile na mkuu wa tiba na mkuu wa usafiri, wasitengwe kwenye hema la mbali. Ujumbe uliofika haraka kisha ukasubiri mtu wa kuupeleka kwa miguu haujafika. Simu zibaki kwa mambo ya siri.

Tukio la kibiashara, lenye kikosi cha tiba cha kulipwa: kodini redio, mkihakikisha chaneli ya tiba iko peke yake. Kama njia ina mabonde, dai la mkodishaji lipimwe kwa kupita njia nzima na redio zake kabla ya kusaini. Watu wa ridhaa wanaweza bado kuwashauri juu ya mahali pa kuweka ripita, hata kama wao wenyewe hawatarusha.

Mbio za milimani au msituni, usiku na mchana: hapa sioni njia moja inayotosha. Watu wa ridhaa kwenye vituo, simu za setilaiti au vifaa vya kuomba msaada kwa setilaiti kwa wanaotembea njiani, na kanuni iliyoandikwa ya nini kifanyike kituo kikikaa kimya nusu saa.

Michezo ya majini: redio za baharini zina chaneli, vifaa na sheria zake, na boti za uokoaji huzisikiliza hizo. Anzeni nazo, kisha muamue nani anaunganisha boti na nchi kavu. Mtu huyo awe na redio zote mbili mbele yake.

Na kama zimebaki wiki mbili na hamna kitu: msiwabebeshe watu wa ridhaa mzigo wa dharura isiyo yao. Kodini mnazoweza, ziwekeni kwa tiba, kwa gari la mwisho na kwa vituo visivyo na mtandao, wengine wote watumie ujumbe mfupi wa maandishi kwa namba moja inayoshikwa na mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Wale wenye leseni waalikeni waje watazame njia siku hiyo, na kikao cha kwanza cha maandalizi ya mwaka ujao kipangwe nao wakiwa mezani.